Mstari Ule Ni wa Nani?

Mmenisumbua na hadithi hii hadi mmenichosha. Kila anayepita mlangoni kwangu, hata hajaketi, "Shangazi, tuandikie ile ya Futi na penalti." Kwani wengine hawana mikono? Mimi nilisoma madarasa matatu, na la tatu sikulimaliza, na bado mnanitaka mimi. Haya, naandika. Lakini naandika mara moja tu, na atakayesema nimekosea aandike ya kwake tuone. Futi ni mdogo wangu, tumenyonya ziwa moja. Namjua hata anachowaza akiwa amenipa mgongo.

Futi ni seremala. Jina la kuzaliwa analo, lakini hata mkewe akimwita kwa jina hilo hageuki. Anaitwa Futi kwa sababu futi ya kupimia haitoki mfukoni mwake, na kila anachokiona lazima akipime. Siku aliyopelekwa kwa kina mchumba wake kujitambulisha, alikaa kwenye kochi la watu kutwa nzima bila kutoa neno. Alipotoka tukamuuliza, "Enhe, umemwonaje?" Akasema, "Mlango wao umelala kushoto nusu inchi." Kesho yake akarudi na randa na patasi, akaunyoosha mlango, na aliyemshikia mbao siku hiyo alikuwa kaka wa binti, mwanamume mzima asiye na kazi wala mpango wa kazi. Futi akapata mke na mwenzi wa kazi kwa mlango mmoja. Shemeji yule tukamwita Randa, na Randa hakuondoka tena. Miaka thelathini wawili hao wamesimama meza moja, huyu huku, yule kule, wakitengeneza milango, vitanda na majeneza ya mtaa mzima.

Katika karakana yao kuna sheria moja tu, na Futi ndiye aliyeiweka. Ukishapima mbao unachora mstari kwa penseli, ile penseli nene. Msumeno unapita kando ya mstari, upande wa kutupwa. Mstari wenyewe haukatwi. Unabaki mzima juu ya mbao yako, mweusi, unauona. "Mstari ni wa mbao," Futi alimwambia Randa siku ya kwanza, na miaka yote amekuwa akimwambia kila mwanafunzi aliyewahi kupita pale. "Ukiula mstari umeiba mbao ya mwenye mlango." Likumbukeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililomponza.

Sasa mwaka huu mchwa walikula mlango wa chumba cha kujifungulia pale zahanati. Waliula wote, zikabaki bawaba mbili zimening'inia na komeo. Mkunga akaweka pazia. Lakini Mkaguzi wa afya alipopita akasema pazia si mlango, na kwamba Ijumaa saa sita mchana atarudi, na akikuta pazia atakifunga chumba. Chumba kikifungwa, mwenye uchungu aende hospitali kubwa, saa mbili na nusu kwa barabara iliyojaa mashimo.

Kwa watu wengine hiyo ilikuwa habari. Kwa Futi ilikuwa kisu. Binti yake alikuwa na mimba ya miezi tisa. Na mtoto wa kwanza wa binti huyo, mwaka ule zahanati ilipokuwa imefungwa kwa sababu ya paa, alizaliwa njiani, ndani ya lori, juu ya magunia ya vitunguu, dereva akiwa ameziba macho kwa mikono yote miwili huku lori linatembea. Mtoto akaishi, tunamwita Kitunguu, lakini mama yake alipoteza damu hadi akawa mweupe kama chaki. Futi ndiye aliyempokea kutoka kwenye lori lile. Hajawahi kulizungumzia, ila tangu siku hiyo hali kitunguu.

Kwa hiyo Mkunga alipokuja kuagiza mlango, Futi alisema, "Mama Mkunga, Alhamisi utakuwa umefungwa. Lala usingizi." Na angetimiza, haki ya Mungu angetimiza, kama Jumapili isingekuwa fainali.

Fainali waliitazama kwa Kinyozi, ng'ambo ya barabara, mkabala na karakana. Futi ni wa timu ya jezi za zambarau. Randa ni wa timu nyeupe, na Kinyozi naye mweupe. Dakika tisini bila goli. Dakika tatu za nyongeza, mshambuliaji wa weupe anaingia mbio, beki wa zambarau ananyoosha mguu, mshambuliaji chini. Filimbi. Penalti. Goli. Mpira kwisha.

Kwamba ni rafu, hakuna aliyebisha, hata Futi. Ugomvi ulikuwa ni wapi. Runinga ilirudia mara saba, na mara zote saba mguu ulionekana umegongwa juu ya mstari wa eneo la hatari, ule tunaouita kumi na nane. Si ndani yake, si nje yake. Juu yake kabisa, kama nzi juu ya waya.

"Nje!" alisema Futi.

"Ndani," alisema Randa. "Mstari ni wa boksi, shemeji. Hata mtangazaji kasema, mstari ni sehemu ya eneo."

"Mtangazaji amewahi kushika msumeno?"

"Sasa msumeno umeingiaje hapa?"

"Mstari ni ukuta. Ukiwa juu ya ukuta wa nyumba yangu, umeingia kwangu?"

"Ukiwa juu ya ukuta wangu nitakuita mwizi," alisema Kinyozi, na watu wakacheka, na Futi akatoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi, badala ya kupasua mbao za mlango, Futi alitoka na futi yake na kamba na chokaa. Alisema suala hili ni la vipimo, na vipimo havina ushabiki. Ukuta wa karakana akaufanya mstari wa goli. Akapima kutoka pale mita kumi na sita na nusu kwenda mbele, akavuka mtaro, akavuka barabara, akapanda ngazi ya Kinyozi, akaingia dukani, na mstari wa kumi na nane ukapita katikati ya kiti cha kunyolea. Kiti kilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu, amenyolewa upande mmoja.

"Mwalimu, samahani, usitikisike," alisema Futi akimmwagia chokaa kwenye viatu. "Upo juu ya mstari."

"Nipo ndani au nje?"

"Hilo ndilo tunalolitafuta."

Watu wakajaa. Kinyozi akajitolea kuwa mshambuliaji, kwa sharti aanguke kuelekea kwenye kochi. Randa akawa beki, ingawa ni beki wa timu asiyoipenda, na alilalamika sana. Mkunga alipotokea kuulizia mlango wake, wakamshika mkono wakamsimamisha ukutani kwa karakana.

"Mimi nimekuja kuulizia mlango!"

"Mlango utaupata, mama. Wewe sasa ni mlingoti. Usisogee, ukisogea goli linapanuka."

"Nimeacha mtu mwenye presha!"

"Mpigie simu, lakini piga ukiwa umesimama wima."

Kinyozi alianguka mara ishirini na mbili. Mara ya kumi na tano magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili na madereva wameshuka kutoa maoni. Mara ya ishirini na mbili alianguka vibaya akamkata Mwalimu nyusi, kwa maana wembe ulikuwa bado mkononi. Mwalimu akasema sasa angalau pande mbili zinakaribia kufanana. Na jibu halikupatikana, kwa sababu kila alipoanguka, mguu ulikuwa juu ya mstari, jambo ambalo wote walilijua tangu jana.

Ndipo Randa, akiwa anafuta chokaa kwenye suruali, akasema lile ambalo asingelisema kama angejua litakalofuata. Aliligeuza kichwani akaliona ni tamu mno kuliacha.

"Shemeji, kwani karakana hii sheria yake ni ipi?"

Futi akaanza kukunja kamba yake.

"Mstari ni wa nani, shemeji? Si wa mbao? Ukichora mbao, mstari hubaki wapi? Miaka thelathini umeniimbia: ukiula mstari, umeiba. Basi boksi ni mbao, na mstari ni wake. Umejifunga goli mwenyewe!"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini barabarani. Kinyozi alirusha taulo hewani. Futi alisimama pale, penseli nyuma ya sikio, na nawaambia, mdogo wangu namjua. Alipokuwa na miaka sita nilimwambia hawezi kumaliza sufuria la maboga peke yake. Alilimaliza. Aliugua siku nne lakini alilimaliza. Uso aliokuwa nao siku ile ya maboga ndio aliokuwa nao pale barabarani.

"Sawa," alisema. "Kuanzia leo mstari si wa mbao."

Mngedhani ni maneno. Sivyo. Jumanne asubuhi aliingia karakana, akazilaza mbao saba za mlango wa zahanati, akapima vizuri kama kawaida yake, akachora mistari yake minene saba, halafu akaweka meno ya msumeno juu ya mstari wenyewe akaanza kuula. Ule mstari mweusi ukawa vumbi. Mkono wake ulivutia kando, kwa sababu mkono una akili yake na miaka yake, lakini kichwa kilikuwa kimeshaamua. Alijiambia ni upana wa penseli tu. Nani ataona upana wa penseli? Na kama mstari si wa mbao, basi si wa boksi, na kama si wa boksi, haikuwa penalti, na fainali tulidhulumiwa. Yote yalikaa sawa kichwani kwake, ila mbao ndizo zilizopungua.

Randa alikuwa upande wa pili wa meza, anaona. Alihesabu mbao saba, mistari saba imeliwa. Angesema neno moja tu. Lakini naye ana kiburi chake, alikipata kwa mama yake ambaye namjua vizuri na sitamwandika hapa. Alisema moyoni: aombe mwenyewe. Aseme ilikuwa penalti, nimwambie mlango umepungua.

Na kusema walikuwa hawasemi tena. Walikuwa wanapeleka salamu kwa jiriwa, kile chuma cha kubania mbao kilichofungwa katikati ya meza.

"Jiriwa," Futi alisema, "mwambie huyo anipe gundi."

"Jiriwa, mwambie gundi iko mbele ya pua yake."

"Jiriwa, mwulize kama ameshaandaa bawaba."

"Jiriwa, mjibu kwamba bawaba ziko tayari tangu jana, na kwamba ilikuwa penalti."

Binti yake Futi, mwenye mimba yake, aliwaletea chai Jumatano akawakuta hivyo. Akasimama mlangoni kashika kiuno.

"Baba. Mjomba. Mnazungumza na chuma?"

"Chuma kinasikiliza," alisema baba yake.

"Mlango wangu uko wapi?"

"Unakauka, mwanangu."

Aliutazama ule mlango ukutani, kisha akawatazama wote wawili, kisha akasema taratibu, "Mimi kwenye lori sipandi tena. Nitazalia hapa, juu ya meza hii, na huyo jiriwa atanishika mkono." Akaondoka na chai yake. Hakuwaachia hata kikombe.

Neno hilo Futi alikwenda nalo nyumbani. Usiku hakulala vizuri, lakini alikuwa anasubiri Randa akiri, na Randa anasubiri yeye akiri, na mlango ukakauka hivyo hivyo.

Alhamisi jioni wakaupeleka zahanati, wakautundika. Mlango mzuri, umepigwa msasa unateleza kama sahani. Futi akaufunga. Ukafunga. Halafu akaona mwanga. Upande wa komeo, kutoka juu hadi chini, ulibaki ufa wa upana wa kidole. Mistari saba iliyoliwa ilikuwa imekusanyika yote mahali pamoja, imekaa pale inamtazama. Ukisimama nje unaona kitanda, unaona beseni, unaona kalenda ukutani na tarehe yake.

Mkunga alikuwa ametoka kwenda kumtazama mgonjwa, kwa hiyo hakuuona. Randa alikusanya vyombo vyake akaondoka. Futi akapima ufa ule mara nne, akitumaini futi itabadili mawazo.

Ijumaa saa nne asubuhi binti akashikwa na uchungu.

Alipelekwa kwa miguu, si mbali, mama yake huku na mimi huku. Mkunga akamlaza, akafunga mlango, akageuka, akaona barabara kupitia kwenye ufa. Ukelele alioupiga tulidhani mtoto ameshatoka.

"Futi! Hiki ni nini? Hiki ni mlango au ni chujio?"

Futi alikuwa nje kwenye baraza, na Randa naye amekuja, kwa sababu ni mjomba mtu, na uchungu wa mpwa hauulizi nani kanuniana na nani. Wamesimama mbali mbali, huyu nguzo hii, yule nguzo ile. Na saa tano na robo, kabla hata ya saa yake, Mkaguzi akafika. Mtu mwembamba, ana karatasi kwenye ubao wa kuandikia, na kalamu imefungwa kwa uzi ili asiipoteze.

Akausogelea mlango. Akainama. Akatia jicho kwenye ufa.

"Naona kitanda," alisema.

"Toa jicho lako!" sauti ya Mkunga kutoka ndani.

Mkaguzi akasoma karatasi yake. "Hapa pameandikwa: 'Chumba kina mlango unaozuia macho ya walio nje.' Macho yangu yako nje. Hayakuzuiwa. Chumba kinafungwa. Mgonjwa aandaliwe gari."

Ndani binti akasema kwa sauti ya chini, lakini ufa ule ulitoa kila kitu, "Baba, lori sipandi."

Basi Futi, ambaye mwili wake haukuwahi kufanya jambo bila kupima kwanza, alikwenda bila kupima. Akajibandika kwenye ufa, mgongo kwa mlango, visigino juu ya kizingiti, mikono chini, wima kama askari.

"Sasa unaona nini?"

Mkaguzi akamtazama. "Nakuona wewe."

"Kitanda unakiona?"

Mkaguzi akajaribu kushoto, akajaribu kulia, akachuchumaa. "Sikioni."

"Macho yamezuiwa?"

"Yamezuiwa," alikubali, maana alikuwa mtu wa haki. Akataka kuandika. Kisha akafunua ukurasa wa pili, uso ukabadilika. "Lakini hapa pameandikwa: 'Hakuna mwanamume ndani ya chumba wakati wa kujifungua.' Na wewe umesimama kwenye kizingiti. Kizingiti ni cha chumba. Uko ndani."

"Niko nje!"

"Visigino viko juu ya kizingiti."

"Juu ya kizingiti ni nje! Nimesema tangu Jumapili!"

"Anayesema nje ni nani mwingine? Nahitaji shahidi. Pana sehemu ya shahidi hapa, asiwe mke wala mtoto wake."

Kinyozi alikuwepo, Mwalimu alikuwepo na nyusi yake moja, nusu ya mtaa ilikuwepo. Na wote, nami nikiwemo, tukamgeukia Randa. Kwa kuwa huyu ndiye aliyeuambia mtaa mzima siku tano mfululizo kwamba mstari ni ndani, ndani, ndani. Akisema ndani, Futi anaondoka mlangoni, ufa unabaki wazi, chumba kinafungwa, na mpwa wake anapanda lori.

Futi hakumtazama. Alitazama mbele, juu ya kichwa cha Mkaguzi. Hakuwa na uso wa kumwomba mtu ambaye hajampa hata salamu tangu Jumatatu.

Randa akavua kofia. Akaja hadi mbele ya Mkaguzi.

"Bwana Mkaguzi," alisema, na kila neno alilitoa kama mtu anayeng'olewa meno, "aliye juu ya mstari yuko nje."

"Una hakika?"

"Miaka thelathini nafanya kazi na mistari. Yuko nje. Andika."

Nyuma Kinyozi akatoa sauti kama mpira uliotobolewa. Mkaguzi akaandika, Randa akaweka sahihi. Halafu Randa akasogea hadi kwa Futi, uso kwa uso, na akasema bila kumpitisha jiriwa yeyote, "Shemeji, nenda kakate ukanda. Mimi nitasimama hapa."

"Kata wewe. Una mkono mzuri."

"Uliyeupunguza ni wewe. Nenda. Na usiniulize kitu."

Wakabadilishana mlangoni kama wachezaji, huyu anatoka ubavu, yule anaingia ubavu, macho ya Mkaguzi yasipate hata tundu. Futi akakimbia barabarani. Ana miaka sitini na mbili na goti bovu, lakini alikimbia, wakampisha.

Karakanani akashika ubao, akapima upana wa kidole kimoja, akachora mstari. Akaweka msumeno. Na hapo akakwama.

Maana sasa alikuwa ameshinda, mnaelewa? Randa mwenyewe, mbele ya afisa, kwa sahihi, amesema mstari ni nje. Zambarau wamedhulumiwa, imeandikwa kwenye karatasi ya serikali. Angeula mstari ule kwa raha zake, sheria yake mpya imethibitishwa. Lakini akiula, ukanda utapungua upana wa penseli, na ufa utabaki, mwembamba kama uzi, na yule mtu mwenye ubao ataona uzi. Kutoka zahanati sauti ya binti yake ilimfikia, ile sauti ndefu isiyo na maneno. Aliijua. Aliisikia mara moja tu, ikitoka ndani ya lori.

Akasogeza msumeno kando, upande wa kutupwa. Akakata. Mstari ukabaki mzima juu ya ukanda, mweusi, unauona.

Aliporudi ukanda uliingia kwenye ukingo wa mlango kama ulimi kinywani. Gundi, misumari midogo minne, nyundo iliyofungwa kitambaa isipige kelele. Randa akashika juu, Futi akapigilia chini. Randa aliuona mstari. Haukuwa wa kufichika. Akautazama, akamtazama shemeji yake, na Futi akaendelea kupigilia.

Mkaguzi akatia jicho. "Sioni kitu," alisema kwa furaha kubwa, akapiga mhuri. Na kama angeondoka hapo tungemkumbuka kwa wema. Lakini alipokuwa anafunga kalamu yake, akasema, "Kwani mlikuwa mnabishania ile penalti ya Jumapili? Mimi nilikuwa uwanjani. Haikuwa rafu kabisa. Yule alijiangusha."

"ALIJIANGUSHA?"

Walisema pamoja. Futi na Randa, sauti moja, siku tano za kununiana zikalipuka kwa pamoja usoni kwa mtu wa serikali. "Alijiangusha? Mguu ukagongwa mchana kweupe! Ulikuwa umekaa wapi, nyuma ya nguzo? Una macho wewe? Ndiyo hayo macho unayokagulia zahanati?" Randa alimshika ubao, Futi alimwonyesha kwa goti lake bovu mahali alipogongwa mshambuliaji, Kinyozi akajitupa chini kwa mara ya ishirini na tatu kumwonyesha jinsi mtu anavyoanguka kwa kweli. Kelele ile ilitikisa mabati. Na ndani, Mkunga anasema hadi leo, kelele ile ndiyo iliyomtoa mtoto. Alikuwa amegoma saa nzima, akasikia "alijiangusha," akaja mwenyewe kutazama.

Msichana, kilo tatu na nusu. Futi alipoitwa kumwona alimpima kuanzia kisigino hadi utosini, sentimita hamsini na moja, akaandika ukutani kwa penseli.

Mngedhani yameisha. Yangeisha kama hawa wangekuwa watu wa kawaida. Siku ya tatu Futi, kwa kuwa mkono wake ulikata vile ulivyokata na yeye si mtu wa kuukana mkono wake, alitangaza kwa Kinyozi kwamba amefikiria vizuri, mstari ni wa boksi, na ile ilikuwa penalti halali. Alidhani shemeji yake atafurahi. Randa akaweka kikombe chini.

"Haikuwa penalti," alisema.

"Si wewe uliyesema mwenyewe?"

"Nilisema. Halafu nikatia sahihi mbele ya afisa kwamba mstari ni nje. Unataka nionekane mwongo kwenye karatasi ya serikali? Mstari ni nje, shemeji. Tulipewa goli la bure, na mimi mweupe naona aibu."

Basi hadi leo wanagombana vile vile, ila wamebadilishana viti. Mzambarau anatetea penalti iliyoizika timu yake, mweupe analaani goli lililompa kombe. Wageni wakisikiliza wanawaona wendawazimu. Lakini wanasemeshana moja kwa moja, kwa midomo yao, kuanzia wanapofungua karakana hadi wanapoifunga, na milango inatoka sawa.

Haya, nimeandika kama mlivyotaka, vidole vinaniuma. Sasa zamu yako wewe uliyesoma. Inuka hapo ulipokaa, nenda mlangoni kwako, simama visigino juu ya kizingiti, halafu niandikie: uko ndani au uko nje? Andika neno moja, kwa herufi kubwa nilione bila miwani. Usiniletee "inategemea." Atakayeniletea "inategemea" nitairudisha na aliyeileta.